Makadirio kwa Bibi Helve

Mvua ya Tartu inagonga kioo cha karakana.
Maarika amevaa glavu mkono mmoja;
kwa ule mwingine anaieleza akili mnemba:
turubai, sentimita sitini kwa themanini,
mpasuko chini ya sikio, masizi ya jiko la kuni,
mteja mjane, hana haraka, hana fedha nyingi.

Kufumba na kufumbua, kurasa nne.
Saa za kazi, vanishi, bima, hata salamu za heshima,
na sentensi moja inayong'aa kama kiatu cha dukani:
"Tutamrudisha baba yako kama alivyokuwa."

Hapo anasita.
Mashine haijanusa moshi huu.
Haijui kwamba jana usiku alilowesha pamba kwa mate yake,
akasugua pembeni, taratibu, akibadili pamba, akisugua,
mpaka kifungo cha koti kikachomoza, cha buluu,
ambacho binti wa mtu huyu hajakiona tangu azaliwe.

Anaifuta. Anaandika mwenyewe:
"Mshono utaonekana ukisogea karibu.
Koti lina kifungo cha buluu.
Nitatumia mate. Usishtuke."

Hesabu za mashine anaziacha,
ila mwishoni anapunguza euro arobaini
na hasemi kwa nini.