Bandari Ulizonihadithia

Tokuji, meli hii ina ghorofa kumi na moja
na lifti inayoomba radhi kila mlango unapofunguka.
Watoto walichanga nauli. Nilikataa mara mbili,
ya tatu nikanunua viatu.
Wewe ulibeba saruji miaka ishirini na sita
katika chombo chenye dirisha moja na birika,
nami nikabaki Hakodate kupasua ngisi,
vidole vikinuka hata siku ya sikukuu.
Ulirudi na bandari mdomoni,
ukazitema moja moja kama mbegu za tikiti,
nikaziokota zote.

Kanazawa, ulisema, radi hunguruma ndani ya theluji
na wavuvi hufurahi, kwani huamsha samaki.
Nimefika Mei. Jua kali. Watoto wa shule
wanapuliza tarumbeta gatini kutulaki;
mmoja kapotea njia ndani ya wimbo,
anajaza mashavu tu.
Ya radi nitakuamini hivyo hivyo.

Sakaiminato haukuwa msimu wa kaa.
Nilikula tambi nikiwa nimesimama.
Mwenye duka akauliza nimeshuka meli ipi,
nikajibu: ile ya saruji.
Akatazama viatu vyangu vipya, akanyamaza.

Nagasaki ilinitoa jasho.
Ngazi mia mbili na kumi na nne, ulisema,
kutoka reli ya tramu hadi nyumba ya mwisho.
Nilizihesabu kwa sauti, mkono ukutani,
paka wawili wakinipita bila salamu.
Mia mbili na kumi na nne.
Juu palikuwa na mlango wa bluu, umefungwa,
na mlimau ndani ya ndoo, udongo bado umelowa.
Mtu hakariri ngazi alizopanda mara moja.
Nilisimama pale mpaka pumzi ikarudi.
Sikubisha hodi.
Wakati wa kushuka sikuhesabu.

Kochi mvua. Nilibaki kitandani na miguu yangu.

Watu husema asiyekuwepo na lake halipo.
Si kweli. Wewe hupo na yako yote yapo,
yanapanda lifti pamoja nami,
yanaombwa radhi.

Halafu Shimizu. Hapa ndipo ulipouona, kila safari:
"Fumiyo, kama bakuli la wali lililopinduliwa!"
Wali huo tuliula miaka mingi, mimi na watoto,
hata miezi ambayo mshahara ulichelewa.
Alfajiri abiria wote sitahani, kamera shingoni,
na mbele yetu wingu,
pana, la kijivu, kama shuka la hospitali.
Bwana Mochizuki, muuza chai gatini,
akasema leo mlima umeona haya.
Nikamuuliza gati la saruji liko wapi.
Akaonyesha kwa kidevu, nyuma ya maghala.
"Kutoka pale, mama, hata siku ya jua
utaona ukuta, na saa iliyosimama."
"Na mabaharia hawakuwa wakishuka?"
"Washuke saa ngapi? Walipakua, wakalala, wakaondoka."

Chai yake ilikuwa chungu, nzuri.
Nililipia vikombe viwili.

Miaka ishirini na sita ulitazama ukuta
ukatuletea mlima.

Tulipofungua kamba, riboni za karatasi
zilinyooka kati yetu na nchi kavu, zikakatika.
Yangu ilikuwa ya njano. Kipande chake
kimo mfukoni mwa koti, sijui cha nini.

Hakodate, jirani Setsu alinisubiri mlangoni
na ufunguo wangu na barua za siku zote hizo.
Magoti yake hayajamruhusu kuvuka
hata mlango-bahari huu wa kwetu.
"Ehe," akasema, "mlima uliuona?"

Sikukohoa. Sikutazama chini.
"Niliuona," nikamwambia.
"Kama bakuli la wali lililopinduliwa,
na mvuke bado unatoka."