Fomu ya Visanduku Viwili

Februari ile Chimbote ilinuka klorini
na samaki waliokosa mnunuzi.
Gari la kipaza sauti lilipita likikohoa vumbi:
chemsha maji, dakika kumi,
nawa mikono, usile samaki mbichi,
kinga ni bora kuliko tiba.
Mbwa walilibwekea mpaka konani,
kisha mtaa ukarudia kimya chake.

Mimi nilifuata nyuma kwa miguu,
kalamu imefungwa uzi shingoni,
na fomu ya Wizara yenye visanduku viwili:
Anatii. Hatii.

Casimiro Huamanchumo, mstaafu wa kiwanda cha samaki,
alinipokea na bakuli mkononi.
"Ndimu inaua kila kitu," alisema,
"imeua hata hamu yangu ya kwenda kanisani."
Akatafuna samaki wake mbichi akinitazama machoni
kama mtu anayetia sahihi.
Nikaweka alama: Hatii.
Laiti nyumba zote zingekuwa rahisi hivyo.

Kwa Nélida, watoto watatu,
ndoo mbili za maji ya lori,
na jiko la mafuta ya taa, safi, linang'aa,
limekauka kama koo la mfungaji.
"Umechemsha?"
"Jana."
"Na leo?"
Alinifungulia kiganja chenye sarafu. Hakuzihesabu.
"Kinga nayo ina bei, binti.
Nichagulie wewe: nichemshe maji au nichemshe wali?"
Nikatafuta kisanduku cha tatu.
Nikageuza karatasi.
Nyuma palikuwa peupe.

Eudocia Chunga alikuwa ameuza samaki wa ndimu
miaka kumi na tisa mbele ya lango la kiwanda.
Alifunga kibanda kabla ya polisi kufika,
na wenzake wa soko wakamwita mwoga,
kibaraka wa kipaza sauti.
Alhamisi nikasikia shoka.
Alikuwa anapasua benchi la wateja,
akamaliza benchi akaingia meza,
akamaliza meza akaliangusha bango
lenye samaki wa buluu aliyemchora mwenyewe;
pigo la pili likampasua jicho.

"Unaiua kazi yako," nikamwambia.
"Imeshakufa. Na mimi siwezi kulala na maiti ndani."

Juu ya moto aliteleka sufuria la harusi, la kuazima,
na mtaa ukapanga foleni:
madumu, mabirika, chupa za soda,
mtoto mmoja na kofia ya plastiki ya mchezo.
Hakuwa na saa.
Dakika kumi alizipima kwa makumi matatu ya rozari,
na akikosea Salamu Maria moja
alianza upya, na hakuna aliyethubutu kunung'unika.
Siku ya tatu akaja Casimiro na jagi lake,
ndimu imetuna mfukoni.
"Ya ladha tu," alisema, kabla sijamuuliza.

Kuni zilidumu siku tisa.

Mtoto wa kati wa Nélida hakufika siku ya pili.
Maji yaliyomwua alikuwa ameyanywa mapema,
siku ya sarafu zile, labda,
au siku nyingine, kwa jirani, bombani, shuleni.
Najua namna ya kusema hivyo. Tulifundishwa.

Usiku wa msiba niliketi karibu na mlango,
fomu zimekunjwa ndani ya mkoba.
Nélida akapita kati ya wageni na sinia.
Akafika kwangu. Bilauri moja.
Mimi niliyeuliza swali lile milango mia nne,
nilimtazama mikono,
na ulimi ukakataa kazi.
Nikapokea. Nikanywa.

Yalikuwa na vuguvugu bado,
na kwa mbali
harufu ya moshi wa rangi ya buluu.