Bega la Kushoto

Picha imeletwa saa tatu asubuhi ndani ya bahasha ya benki,
na mwanawe, Haganuma mdogo, theluji haijamwisha mabegani.
Mkesha ni leo jioni. "Mtoe humo," akasema,
"mtoe peke yake. Nyuma weka rangi ya mbingu, isiyokolea."
Akasaini, akasahau glavu moja kaunta.

Namkuza mzee mpaka uso wake unajaa kioo.
Noshiro, bandarini, sherehe ya kiangazi, miaka kumi na moja nyuma:
hema la kijani, chupa za bia ndani ya ndoo ya barafu,
mtu aliyekatwa nusu na ukingo wa picha, anacheka bila macho,
na Tokuji katikati, mwekundu kama pweza aliyechemshwa.

Nashika kalamu ya programu, kalamu isiyo na wino.
Nukta sikioni, nukta chini ya taya, nukta kwenye ukosi,
polepole, kama fundi anayefumua mshono
wa nguo ambayo mwenyewe hatarudi kuichukua.
Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii ubavuni mwa nyumba ya maziko.
Nimewatoa watu harusini, nimewatoa kwenye matanga ya wengine,
nimemtoa mwalimu katikati ya darasa lake lote,
watoto thelathini na wawili, wala hakuna aliyelia.

Futa.
Hema likaenda. Bia ikaenda. Bahari ikaenda bila wimbi.
Ikabaki miraba, kijivu na nyeupe, bao la drafti
lisilo na kete: ndivyo mashine inavyosema hapana kitu.

Lakini nywele.
Chache za utosini zimesimama, zimelalia upande mmoja,
upepo wa siku ile ungali umezishika.
Bandari nimeifuta, upepo umekataa kutoka.
Na shavuni, ukijani wa hema.
Naupunguza, mzee anapauka. Namrudishia kidogo.
Watadhani ni taa za ukumbini.

Kisha vidole vinne.
Begani, kushoto, vimetokea mgongoni,
kucha fupi, kimoja kimefungwa plasta.
Si vya yule anayecheka; mikono yake yote miwili imeshika sahani.
Mkono mtupu haulambwi, sawa,
na mkono usio na mtu?
Nakopa kitambaa bega la kulia, nakigeuza, nakishonea juu yake.
Vimekwisha. Naangalia.
Bega limeinama.
Mkono haupo, uzito wake upo.

Nikalinyanyua, pikseli kumi na nne.
Akawa karani wa posta. Akawa mtu wa kitambulisho,
mtu aliyekuja kudai kodi.
Nikalirudisha.

Saa kumi alasiri akapiga simu mjane, Bi Fusae, sauti kavu.
"Mkono umeuona?"
"Nimeuona."
Kimya. Nikasikia birika likianza kulia kwake.
"Uko wapi sasa?"

Hilo si swali la fundi.
Ningemweleza kwamba tabaka la chini lipo,
lina kijicho kidogo pembeni, nimekifumba tu,
ukikibonyeza bandari nzima inarudi, na ndoo, na vidole.
Nikasema: "Upo. Nimeuweka."
"Basi ukae huko huko," akasema,
kisha, kama anayezungumza na birika:
"Alikuwa mpishi mzuri, yule."
Simu ikakatika, au aliikata.

Fremu nyeusi, utepe mweusi. Rangi ya mbingu imekubali.
Dereva wa maziko ameichukua, na ile glavu nimempa,
ingawa alisema hamjui mwenyewe.

Kwenye trei kuna bibi, paka mapajani.
Maelezo: paka atoke.
Naona mkia umezunguka kifundo cha mkono wake mara moja na nusu.
Nachemsha chai kwanza.