Nyuma ya Bomba

Zamu yangu huisha saa moja, Marietta bado ina baridi ya bati.
Mto Susquehanna unafuka mvuke kama sufuria iliyosahauliwa,
na juu ya mnara wa maji, ule wenye jina la mji lililobabuka,
tumbusi wamejipanga,
mabega juu, vichwa ndani,
kama wanaume waliofika msibani mapema mno
wakakuta hata viti havijashushwa.

Bi Verna Hostetter, chumba cha kumi na nne,
haniachi niende kabla sijafungua pazia.
Wangapi leo?
Nasema thelathini na tisa.
Anasema arobaini, mmoja yuko nyuma ya bomba,
macho ninayo, ila mazoea sina.
Miaka tisini na mmoja, na bado anagombea ndege mmoja.

Usiku huuacha mwili upoe,
moto wa ndani wanaupunguza
kama mtu anayebania mafuta ya koroboi.
Alfajiri hawaruki. Wanangoja.
Jua likigusa ukingo wa tangi mmoja hukunjua mbawa,
akalipa jua mgongo, akakaa hivyo.
Kisha wa pili. Kisha mnara mzima
umeanikwa nguo nyeusi
na mwenye kuzianua hayupo.

Wimbo hawakupewa. Ni fsss tu,
tone la maji kwenye pasi ya moto.

Meya hakuwataka. Kinyesi chao kiliipaka chokaa miguu ya mnara,
watu wakaandika barua.
Wakaja wazima moto na fataki,
wakamtundika mmoja aliyekufa, kichwa chini,
awe onyo kwa wenzake.
Siku mbili hatukuwaona.
Siku ya tatu wakatua juu ya paa letu,
paa la nyumba ya wazee,
Jumapili, familia zikishuka magarini na maua,
na mkurugenzi hajui aufiche wapi uso.
Bi Verna alicheka mpaka mashine yake ikapiga kelele.
Wamekuja kutupima, akasema.
Waambie mimi bado mbichi.

Jumamosi basi la Lancaster haliji mpaka saa nne,
basi nakaa ukutani, natazama.
Lami ya maegesho inapata moto, shamba la akina Garber linapata moto,
hewa inaanza kupanda.
Wa kwanza anajiachia.
Anaanguka kidogo, na moyo wangu naye,
halafu anapokelewa.
Mbawa zimeinuka kama viganja vya dua,
anayumba kushoto, anayumba kulia,
mlevi asiyeanguka.
Nilishika saa: dakika kumi na moja, hakupiga bawa hata mara moja.

Ramani yake ni harufu.
Kulungu aliyegongwa juzi njia ya mtoni, chini ya majani,
yeye anamjua kutoka huko juu.
Na mimi harufu ile naijua, kabla daktari hajaitwa.
Mikono hii imeosha wangapi?
Nyumbani wakiniuliza kazi nasema hospitali,
nasema wagonjwa.
Maiti siwataji,
wasije wakasita kupokea chapati mkononi mwangu.

Oktoba wanapungua. Kila upepo wa kaskazini unaondoka na wachache.
Chumba cha kumi na nne kina shuka jipya na mzee mwingine,
anayependa pazia lifungwe.
Bi Verna binti yake amemhamishia Ohio,
dirisha lake, ameniambia, linatazama ukuta.

Jana nilimpigia simu.
Kumi na saba, nikasema.
Akanyamaza. Nilisikia televisheni ya mtu.
Kumi na nane, akasema,
kutoka maili mia nne, bila kuona kitu.

Nikabishana naye, kama kawaida yetu.
Kisha nikavaa koti, nikavuka barabara,
nikauzunguka mnara kwa upande wa pili.