Klachi

Jumamosi, uwanja wa skuli, Konde.
Mwalimu Shaame kapanga vifuu vya nazi
mstari mmoja, kumi na viwili,
na honda moja ya watu sita,
kofia moja, inanuka vichwa vyote.

Saa nzima twaisukuma tu, imezimwa.
"Kwanza mjue uzito wake," anasema,
"msije mkaangukiwa na msiyemjua."

Kisha klachi.
Naiachia kwa pupa: inaruka, inakohoa, inakufa.
Wavulana wa ukutani wanacheka mpaka wanakaa chini.
"Tazama unakokwenda!"
Mie nimemtazama mbuzi wa Bi Mize,
basi nikamwendea mbuzi.
Vifuu vitatu, kwaa, kwaa, kwaa.
Mbuzi mzima. Goti langu, la.

"We Asya, una mdogo wako nyumbani?"
"Ninaye."
"Akilalia mkono wako, unautoaje?"

Sikujibu. Nikapanda tena,
vidole vikafunguka kimoja kimoja
na uwanja ukaanza kusogea
wenyewe, taratibu, chini yangu.

Usiku Yahya kalalia mkono wangu wa kushoto.
Goti linawaka.
Nautoa, nusu kidole, nusu kidole.
Akaendelea kukoroma,
gia ya kwanza.