Jino la Kumi na Tatu

Umelala chini ya kitanda tangu msitu ufungwe,
ndani ya gunia la viazi.
Tapkigen ameuleta kibandani kwangu, Elburgon,
kaubeba mgongoni kama mtoto mwenye homa.

Nafungua kabureta: buibui kataga humo.
Plagi nyeusi tii. Naipiga msasa.
Mafuta yameganda, nayakwangua kwa kijiti.
Meno nayanoa kwa tupa, moja moja,
la kumi na tatu limevunjika.

"Hapo marehemu aligonga msumari
kwenye ua wa dadake.
Wakanuniana miaka miwili."

Navuta kamba. Kimya.
Navuta. Kikohozi.
Mara ya saba unanguruma,
kuku hao, mbio,
moshi wote usoni mwake, wala hasogei.

Nauzima. Natafuta jino jipya kwenye kopo.
Anishika mkono:
"Hilo liache."