Kifungu cha Pili: Tafsiri

Katika Sheria Ndogo hizi,
isipokuwa kama muktadha utahitaji vinginevyo —
hapo ndipo huwa napiga mwayo,
mimi Nandonde, karani wa sheria, meza ya dirishani,
Mtama, saa nane mchana, feni imesimama.

"Sumu" maana yake ni kemikali yoyote
iliyotajwa katika Jedwali la Tatu.
Jedwali la Tatu lina zebaki, lina risasi, lina sianidi,
sifuri nukta sifuri sifuri moja,
miligramu kwa lita.
Nimelichapa mara nne. Ninalo kichwani
kama watoto wa chuoni walivyo na juzuu
kabla hawajajua inasema nini.

Mafuta ya ganda la korosho hayamo.

Nimetafuta. Nimepitisha kidole mstari kwa mstari,
kwenye kaa, kwenye ga, kwenye ma.
Nikampigia mkubwa wangu Lindi, akasema:
Ile ni bidhaa, bwana. Ina bei.
Watu wanatengenezea rangi, wanatengenezea breki za magari.
Bidhaa haiwi taka mpaka mwenyewe aitupe.
Ikivuja je?
Kimya kidogo. Kikohozi.
Kuvuja, akasema, hakujatafsiriwa.

Somoe binti Chilumba yuko kwenye benchi tangu asubuhi
na chupa ya dukani, lebo imebanduka nusu,
ndani maji ya nyuma ya ghala la kubangulia,
yanakoteremkia Lukuledi.
Rangi yake chai ya rangi iliyolala.
Kambale wawili, anasema, walikuja juu matumbo wazi,
na mpunga wa dada yake umeanza kuungua nchani.
Nafungua kizibo, nanusa, nafunga.
Namsomea "maji taka": majimaji yatokayo kiwandani
kwa kupitia bomba au mfereji uliojengwa.
"Haya yanapita chini ya ukuta."
Basi si maji taka.
"Ni nini?"
Nageuza kurasa. Unyevu, labda.
Anacheka, kicheko kikavu
cha mtu aliyebangua miaka kumi na tisa.

Nasoma mbele ili nisimtazame.
"Mtu": ni pamoja na kampuni.
"Rudia."
Mtu ni pamoja na kampuni.
"Basi mwite huyo mtu aje,
alete mikono yake tulinganishe."

Akaiweka yake mezani, juu ya jedwali.
Majivu hayakuisaidia, wala mafuta ya nyonyo.
Ngozi ilibanduka ikarudi, ikabanduka ikarudi,
mwisho ikachoka kurudi.
Nyeusi pembeni mwa kucha, na kwenye ncha za vidole
laini, laini kama ndani ya kikombe.

Fomu inataka dole gumba.
Nikamsukumia kidau cha wino.
Akabonyeza, akainua.
Hakuna mistari. Doa la zambarau, tupu,
kama wino uliodondoka kwa bahati mbaya.
Tukajaribu la kushoto. Vilevile.
"Hata wale wa vitambulisho," anasema,
"mashine yao ilisema sipo."

Alama isiyotambulika, malalamiko yarudishwe:
hiyo imo, kifungu cha tisa, naijua.

Umeme ukarudi, feni ikashtuka,
karatasi zikainuka zote kwa pamoja
nami nikazikandamiza kwa kilichokuwa karibu, chupa ile.
Ilikuwa inavuja.
Pete ya kahawia ikakaa juu ya Jedwali la Tatu,
zebaki ikaanza kuchuruzika kuelekea risasi.

Isipokuwa kama muktadha utahitaji vinginevyo.
Miaka kumi na mmoja naichapa sentensi hii
sijawahi kuuona muktadha ukija ofisini,
ukakaa kwenye benchi,
ukaomba maji ya kunywa.

Nikachukua kalamu. Chini ya doa la kwanza nikaandika:
Alama ya dole. Imetambulika.
Aliyeitambua ni mimi.
Nikagonga mhuri
kabla mkono haujaingia woga.